Kinga Iliyomo Ndani ya Kompyuta: Je, Yatosha?

Neno virusi limeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni hospitali, ambako lilipokewa kuwa jina la vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mlango wa pili ni kompyuta, ambako lilifika likiwa limekwisha kuvikwa mavazi ya Kibantu. Kwa asili ni neno la Kilatini lenye maana ya sumu, wala huko halina uhusiano wowote na ngeli ya KI-VI. Lakini msemaji wa Kiswahili alipoisikia silabi yake ya kwanza, alilichukua neno zima kuwa ni wingi, akalitafutia umoja, akapata kirusi. Neno kitabu, lililotoka katika Kiarabu, lilipita njia hiyo hiyo zamani, ila lenyewe lilianzia katika umoja na kuzaa vitabu. Basi leo mtu aweza kusema bila kusita kwamba kirusi kimoja kimeharibu faili zake, wala hakuna atakayedhani kuwa analaumu lugha ya Warusi.

Pamoja na virusi likaja neno kinga, na hapa ndipo tatizo linapoanza. Kitenzi kukinga ni cha zamani na maana yake ni wazi: ni kuweka kitu katikati ili kuzuia au kupokea kile kijacho. Mtu hukinga pigo kwa mkono, hukinga jua kwa kiganja, hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Hospitali ililichukua neno hilo na kulipa maana nyingine ya ndani zaidi, yaani ile nguvu ya mwili ambayo chanjo huiamsha na ambayo yaweza kudumu kwa miaka mingi. Mtumiaji wa kompyuta anapoambiwa kwamba mashine yake imenunuliwa ikiwa na kinga ndani yake, aghalabu huielewa kwa maana hii ya hospitali: huona kana kwamba mashine imechanjwa kiwandani. Ukweli ni kwamba kinga ya kompyuta ni ya aina ya kwanza. Ni mkono ulioinuliwa kukinga pigo, na mkono huo hauna budi kuinuliwa kila siku.

Kwa hiyo swali la kama kinga iliyomo ndani ya kompyuta yatosha si la mafundi peke yao. Katika vyuo na vyumba vya utafiti vya Afrika ya Mashariki, mikanda ya sauti za wazee, orodha za msamiato wa lahaja, miswada iliyonakiliwa kutoka hati za Kiarabu, na kamusi ambazo hazijachapishwa, siku hizi hukaa katika kompyuta, na mara nyingi hukaa katika kompyuta moja tu. Mzee aliyehojiwa aweza kuwa amekwisha kufariki. Kinachopotea hapo hakirudi kwa kununua mashine nyingine.

Jina lenyewe la virusi katika ufundi huu si la zamani sana. Mwezi wa Novemba 1983, Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alionyesha programu iliyoweza kujinakili ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza iitwe hivyo. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain kilitoka Lahore, Pakistani, kikasafiri kwa diski laini kutoka mkono hadi mkono, kama vile mafua yanavyosafiri. Wakati huo kompyuta za watu binafsi hazikuwa na ulinzi wowote wa asili, na kwa sababu hiyo kulizaliwa biashara ya kuuza ulinzi.

Microsoft iliingia katika kazi hiyo kwa kusitasita. Mwaka 1993 mfumo wake wa MS-DOS 6 ulitolewa pamoja na programu ya kuzuia virusi iliyotokana na kazi ya kampuni ya Central Point Software, lakini jambo hilo halikuendelezwa, na kwa miaka mingi baadaye mnunuzi wa Windows alikuwa hana budi kujitafutia mlinzi mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004 Microsoft iliinunua kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, na kutokana na kazi yake ikapatikana Windows Defender, iliyotolewa mwaka 2006. Defender hiyo ya kwanza ilipambana na programu za upelelezi tu. Haikuwa kinga kamili ya virusi. Mwaka 2009 ikaja Security Essentials, iliyotolewa bure kwa yeyote aliyeitaka, na mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, kazi za hizo mbili ziliunganishwa chini ya jina la Defender na kuwekwa ndani ya mfumo wenyewe. Tangu hapo mtu anunuaye kompyuta ya Windows hupata mlinzi aliyekwisha kuajiriwa, atake asitake.

Wengine nao walifuata mkondo huo huo. Apple iliweka XProtect katika mfumo wake wa mwaka 2009, na Google ikatangaza Play Protect kwa simu za Android mwaka 2017. Yafaa hapa kukumbusha kisa cha mwaka 2012, maana watu wengi hudhani kwamba kompyuta za Apple haziugui. Kirusi kiitwacho Flashback kiliingia katika kompyuta za Apple zaidi ya 600,000, kikipita katika tundu la programu ya Java. Oracle, yenye Java, ilikuwa imekwisha kuliziba tundu hilo mwezi wa Februari. Apple haikuwafikishia watu wake kiraka mpaka Aprili. Mlinzi alikuwapo, lakini ukuta ulikuwa wazi kwa muda wa miezi miwili.

Namna mlinzi huyu afanyavyo kazi si siri. Njia ya kwanza, iliyo kongwe, ni kutambua kwa alama. Kila kirusi kilichokwisha kukamatwa huchunguzwa, na sehemu fulani ya maandishi yake ya ndani, au hesabu ifanywayo juu ya faili yake nzima, huwekwa katika daftari. Faili mpya inapofika, hulinganishwa na daftari hilo. Ipo faili moja ndogo isiyo na madhara, iitwayo EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, ambayo watengenezaji wa kinga wamekubaliana kuikamata kana kwamba ni kirusi, ili mtu aweze kujua kama mlinzi wake yu macho bila kuleta hatari ya kweli nyumbani. Udhaifu wa njia hii wajulikana: mwizi ambaye picha yake haimo katika daftari hupita. Na mwandishi wa virusi aweza kuibadili sura ya kazi yake mara nyingi kwa siku, kwa msaada wa programu nyingine, pasipo kuibadili nia yake.

Njia ya pili ni kuangalia mwenendo. Programu ambayo jana haikuwapo, na leo yaanza kufungua faili moja baada ya nyingine na kuandika juu yake maneno yasiyosomeka, hutiliwa shaka hata kama haijapata kuonekana mahali popote. Njia ya tatu ndiyo iliyobadili mambo hasa katika miaka ya karibuni. Defender, inapokuta faili isiyoijua, hupeleka habari zake kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta kubwa za Microsoft, ambazo zimeona faili za mamilioni ya watu wengine, na hupata jibu kwa muda mfupi sana. Kwa njia hii kompyuta iliyoko Morogoro yaweza kunufaika na jambo lililogunduliwa saa moja kabla huko Brazil.

Hapa pana jambo ambalo maandishi mengi juu ya Defender hulipita upesi. Njia hii ya tatu yategemea kwamba kompyuta imeunganishwa na intaneti. Taasisi ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzipima programu za kinga zikiwa zimeunganishwa na pia zikiwa zimekatiwa mawasiliano, na katika vipimo hivyo imeonekana kwamba Defender hushuka zaidi ya baadhi ya wenzake inapokatiwa. Mtu aishiye mahali ambapo intaneti haikatiki aweza kulipuuza jambo hilo. Lakini mtumiaji wa Afrika ya Mashariki hununua bando kwa siku au kwa juma, huwasha mawasiliano anapotaka kupeleka barua, kisha huyazima ili bando lisiishe kwa masasisho asiyoyaona. Masasisho hayo asiyoyaona ndiyo chakula cha mlinzi wake. Anayeyazima kwa ajili ya kubana matumizi huwa amemnyima mlinzi riziki huku akitaraji akeshe usiku kucha.

Kuhusu sifa ya Defender kwa jumla, hapana haki kuendelea kuihukumu kwa habari za zamani. Mwishoni mwa mwaka 2012 Security Essentials ilikosa cheti cha taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na katika vipimo vya mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa za mwisho. Fikira za watu wengi juu ya kinga ya Microsoft zilijengwa katika miaka hiyo, zikabaki. Taasisi hiyo hiyo hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi, na 6 kwa kutosumbua watu kwa tuhuma za uongo. Na kwa miaka kadhaa sasa Defender imezoea kupata alama zote 6 za ulinzi au kuzikaribia, ikisimama sawa na programu zinazouzwa kwa fedha. Aliyesema mwaka 2013 kwamba haitoshi alisema kweli. Anayelirudia neno hilo leo kwa hoja zile zile hajafungua macho.

Hata hivyo alama 6 kati ya 6 hazina maana ya kwamba hakuna kinachopita. Vipimo hufanywa kwa virusi vilivyokusanywa, juu ya kompyuta ambayo mfumo wake umesasishwa, ambayo kinga yake haikuzimwa, na ambayo anayeitumia hana papara. Kompyuta ya namna hiyo yapatikana Magdeburg. Katika duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na lango la chuo chochote, hali ni nyingine. Wanafunzi mia huingia kwa siku, kila mmoja na flashi yake. Flashi hiyo huchomekwa katika mashine ile ile iliyopokea ya mwenzake dakika mbili kabla, na kurudi nyumbani na mzigo ambao mwenyewe haujui. Kirusi cha Conficker kilichotokea mwezi wa Novemba 2008 kilienea kwa mtandao na baadaye kwa flashi pia, kwa kuwa Windows ya wakati ule ilikubali kuendesha yenyewe kilichomo ndani ya flashi mara ilipochomekwa. Mnamo Februari 2011 Microsoft ilieneza sasisho la kuizima tabia hiyo katika mifumo yake ya zamani, lakini ulaji wa flashi haukukoma, ila ulibadili mbinu. Aina iliyoenea sana ni ile ifichayo folda za mwenyewe na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi hubofya akidhani anafungua tasnifu yake, kumbe ameendesha kirusi. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika kisa cha namna hii faili huwa hazikupotea, zimefichwa tu. Anayeziua ni mwenyewe, anapoambiwa na rafiki kwamba flashi imeharibika na aifute yote.

Ipo pia desturi ambayo haitajwi katika vipimo vya Ulaya. Windows nyingi zinazotumika hazikununuliwa, bali zimefunguliwa kwa programu za kuvunja kufuli la leseni. Defender huzitambua programu hizo na kuzikataa, na maelezo yanayofuatana nazo aghalabu humwamuru mtumiaji azime kinga kwanza ndipo aendelee. Naye huizima. Katika baadhi ya programu hizo hamna kingine ila kuvunja kufuli. Katika nyingine mmefichwa mwizi wa nywila. Mtumiaji hana njia ya kuzipambanua, na yule pekee ambaye angeweza kumsaidia amekwisha kutolewa nje. Kuuliza kama kinga ya asili yatosha katika kompyuta ya namna hiyo ni sawa na kuuliza kama askari ni hodari baada ya kumfungia stoo.

Yako mambo mengine ambayo kinga yoyote, ya asili au ya kununua, haiyawezi kwa tabia yake. La kwanza ni matundu ya mfumo wenyewe. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ilipita katika tundu hilo na kuzifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa. Siku hiyo hiyo Defender ilifundishwa kukitambua kirusi hicho. Waliokuwa wametia kiraka mwezi wa Machi hawakuhitaji mafunzo hayo, na waliofungiwa faili asubuhi ya tarehe 12 hawakunufaika nayo jioni.

La pili ni hatari inayofika kwa mkono wa rafiki. Tarehe 27 Juni mwaka ule ule, NotPetya ilianza kuenea kutoka Ukraine kwa kupitia sasisho halali la M.E.Doc, programu ya mahesabu ya kodi iliyotumiwa na makampuni mengi ya nchi hiyo. Kilichokuja hakikubisha mlango. Kilikuwa na ufunguo. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilibidi kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ilikisiwa kufika dola milioni 300. Katika kisa hicho Afrika ilikuwa na sehemu yake, ambayo yastahili kuelezwa. Daftari kuu la mtandao wa Maersk, lenye kuonyesha nani ni nani na nani aruhusiwa nini, lilikuwa limewekwa katika seva nyingi duniani zikinakiliana, na zote zilifutwa kwa pamoja. Ilipatikana moja tu iliyosalimika, nayo ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikatika pale kabla ya kirusi kufika na mashine ikawa imezimika. Njia ya mawasiliano kutoka Ghana ilikuwa nyembamba mno kwa mzigo huo, basi mtumishi mmoja akaichukua diski kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake, naye akaifikisha Uingereza. Kampuni yenye walinzi wa kila namna iliokolewa na kukatika kwa umeme. Kwa lugha ya ufundi, kilichoiokoa ni nakala moja iliyokuwa imetengana na mtandao.

La tatu ni ulaghai wa maneno. Ujumbe mfupi uliozoeleka Tanzania, umwambiao mtu kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii, hauna kirusi ndani yake hata chembe. Hauvunji kufuli lolote. Wamtumaini mpokeaji ambaye kwa bahati alikuwa akingojea namba ya kutumia fedha saa ile ile. Barua inayodai kutoka benki na kuomba nywila ni ya ukoo huo huo. Defender na kivinjari huweza kuonya juu ya baadhi ya kurasa za uongo zilizokwisha kuripotiwa, lakini nywila iliyoandikwa kwa hiari ya mwenyewe katika ukurasa mpya wa asubuhi hii imekwenda.

Kwa kuwa mambo ni hivyo, wengi hufikia uamuzi wa haraka kwamba dawa ni kununua kinga nyingine. Uamuzi huo haufuati. Kinga ya kununua yaweza kuwa na nguvu zaidi bila intaneti, kama ilivyokwisha kutajwa, au kuja na vifaa vya ziada vya kuhifadhi nywila na kuangalia watoto. Lakini mara nyingi haizibi matundu ya mfumo, haijui kwamba sasisho la rafiki limetiwa sumu, wala haisomi moyo wa anayetuma ujumbe. Tena kila mlinzi apewaye funguo zote huwa yeye mwenyewe ni hatari. Mwezi wa Mei 2017 watafiti wa Google, Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich, waligundua kwamba Defender yenyewe ilikuwa na kasoro ambayo ilimwezesha adui kuingia katika kompyuta kwa kuifanya tu iichunguze faili fulani. Microsoft iliirekebisha kwa siku chache. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kosa la CrowdStrike, kinga inayonunuliwa na makampuni makubwa, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na ndege zikakwama viwanjani, ingawa hapakuwa na kirusi wala adui. Na Avast, kinga iliyopendwa sana kwa kuwa ni ya bure, ilionekana kuwa imekuwa ikiuza habari za matembezi ya watu katika intaneti kwa kupitia kampuni yake iliyoitwa Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5 kwa ajili hiyo. Kuongeza mlinzi ni kuongeza pia mtu wa kumlinda.

Kinga za majaribio zinazokuja na kompyuta mpya zastahili neno lake. Windows, inapoona kinga nyingine imewekwa, huiondoa Defender katika zamu, kwa kuwa walinzi wawili katika mlango mmoja hushikana wenyewe kwa wenyewe. Siku za majaribio zinapokwisha, kinga ya kigeni hubaki ikidai malipo badala ya kujifunza virusi vipya, na mwenye mashine, akiona alama yake pale chini ya kioo, hudhani kwamba bado analindwa. Windows hujaribu kumrudisha Defender kazini, lakini njia iliyo safi ni kuiondoa kinga iliyokwisha muda wake siku ile ile. Mtu ambaye hakusudii kulipa hana sababu ya kuichelewesha.

Basi kwa mtumiaji wa kawaida mwenye Windows inayosasishwa, asiyevunja leseni, na anayeiacha mashine ipate intaneti mara kwa mara, kinga iliyomo ndani yatosha kwa kazi iliyopewa, yaani kukamata virusi. Fedha ambayo angelipia nyingine yafaa zaidi kununulia diski ya nje. Kwa mwenye kompyuta inayokaa majuma bila intaneti na kupokea flashi za watu wengi, kinga yenye daftari kubwa la ndani yaweza kustahili bei yake, ikiwa kweli italipiwa mwaka baada ya mwaka. Kwa mwenye simu, ambaye ndiye mtumiaji wa kawaida zaidi katika nchi hizi, jambo kubwa ni kutopokea programu zinazopitishwa mkono kwa mkono nje ya duka la Google, kwa maana huko ndiko nyingi za hatari hutokea.

Mtafiti ana shida ya peke yake. Katika Defender mna kifaa cha kuzuia programu ngeni zisiguse folda maalum, kilichoongezwa mwishoni mwa mwaka 2017, nacho huja kikiwa kimezimwa. Wachache hujua kwamba kipo. Chafaa kuwashwa juu ya folda ya kazi, ijapokuwa mara nyingine hukataza hata programu njema na kumlazimu mtu kuipa ruhusa. Lakini tegemeo lake halisi ni nakala. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilishambuliwa mwezi wa Oktoba 2023 na kundi liitwalo Rhysida. Gigabaiti zipatazo 600 za habari ziliibwa na kutangazwa, kwa kuwa maktaba ilikataa kulipa fidia, na orodha yake ya vitabu haikurudi kwa wasomaji mpaka Januari 2024, tena kwa sehemu. Makusanyo yake ya kidijiti hayakupotea, kwa sababu nakala zake zilikuwa zimehifadhiwa salama. Kilichochelewesha kazi ni kwamba mashine za kuzirudishia nakala hizo nazo zilikuwa zimeharibiwa, na programu nyingine zilikuwa kuukuu mno kuweza kusimamishwa tena. Diski ya nje iliyochomekwa daima katika kompyuta si nakala ya namna hiyo, kwani kirusi kinachofunga faili huifunga nayo. Inayofaa ni ile inayochomekwa, kunakiliwa, kuchomolewa, na kuwekwa katika chumba kingine, ikiwezekana katika nyumba nyingine.

Limebaki jambo la Windows 10, ambayo bado ingali katika kompyuta nyingi za ofisi na za nyumbani. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema kwamba daftari la virusi la Defender litaendelea kupelekwa kwa mfumo huo hadi Oktoba 2028, na mwenye mashine anayefungua dirisha la usalama aweza basi kuendelea kuiona ile alama ya kijani imhakikishiayo kwamba kinga yake ni mpya. Lakini viraka vya matundu ya mfumo wenyewe havipatikani tena, ila kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi uliwekewa mwisho wa Oktoba 2026. Alama ya kijani hueleza habari za mlinzi. Habari za ukuta zimo katika ukurasa mwingine, ule wa masasisho ya Windows, nao hauna budi kufunguliwa kwa mkono.